Siku Ghala la Vushari Lilipopiga Baragumu

Baragumu lililia asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, na Namkunda akaliachia jembe lake katikati ya tuta la tangawizi.

Kwa watu wa Vushari mlio huo ulikuwa na maana moja tu tangu enzi za mababu: ndiva imejaa. Maji yaliyokusanyika usiku kucha ndani ya bwawa lile la udongo na mawe, huko juu mlimani, yako tayari. Njoo na jembe lako, kizibo kitolewe, kila mfereji upate zamu yake. Kwa hiyo baragumu lilipolia, wanawake wa matuta ya chini walipiga vigelegele, na Bi Nampombe, jirani yake Namkunda, akajifunga kanga kiunoni kama msichana.

"Mapema hivi! Leo Mungu ametukumbuka sisi tuliowekwa mwisho wa mfereji."

"Bibi, hata juzi ulisema hivyo hivyo," Namkunda akamwambia.

"Na kesho nitasema. Wewe twende."

Wakapanda. Walipofika ndiva walikuta maji yanamfikia mbuzi magotini. Chura mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe kavu, akawatazama kama mwenye nyumba anavyotazama wageni wasioalikwa.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu mavuno yaliyopita baragumu lilikuwa likijililia lenyewe, asubuhi, mchana, hata wakati wa ibada, na watu walikuwa wamezoea kushangilia, kupanda, kukuta ndiva haina jipya, na kurudi zao. Mzee Kajiru, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, alisema ni upepo. Watu walimheshimu, wakasema ni upepo.

Lakini asubuhi hiyo Fundi Sifaeli, yule mwanamke wa mashine za Ghala, alikuwa Vushari. Alitokea kwenye mdomo wa pango la Ghala, walimotunza kumbukumbu za kijiji, hatua chache juu ya ndiva, bakuli la makande mkono mmoja, mkono mwingine ameushika ubavu. Alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Nani aliweka baragumu? Jamani, nani?"

Mzee Kajiru akajitokeza mbele, ameinua kidevu. "Mimi. Ulituambia mwenyewe, Fundi, tuchague mlio ambao kila mtu anaujua. Ghala likikaribia kujaa, mlio ulie. Sasa hapa Vushari kitu kikijaa tunapiga nini?"

"Baba Mwenyekiti, ghala linalia kwa dhiki na nyinyi mnalipigia vigelegele!"

Watu wote wakaangua kicheko, na Bi Nampombe akakaa chini kabisa. Hata Mzee Kajiru akacheka, ingawa kidogo. Ila Namkunda, aliyekuwa mshika funguo wa Ghala, aliona Fundi ameacha kucheka kabla ya wengine. Sifaeli alikuwa anatazama upande wa Mkomazi, ambako mawingu yalikuwa yameanza kupanda, meusi chini, meupe juu.

"Mama Anaeli," akamwita Namkunda kwa jina la mwanawe, "lete funguo."

* * *

Ndani ya pango kulikuwa na ubaridi wa kupendeza. Ndiyo sababu wazee walilichagua, mwaka ule mawasiliano ya mbali yalipokatika msimu mzima wa mvua na kila mtu akapoteza sauti na picha zake zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye mashine za nchi za watu. Wakasema: tutatunza wenyewe. Wakachimba kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu na sururu, wakapanga diski kwenye rafu za mawe, na maji ya mfereji yakawa yanapita nyuma ya ukuta kuzipoza.

Humo mlilala mambo mawili. La kwanza ni sauti na picha za watu wa Vushari: harusi, kwaya, vikao, mtoto anayejifunza kuhesabu. La pili ni mlima. Nyuzi nyembamba kama mizizi ya nyasi zilikuwa zimezikwa mteremko mzima, nazo zilisikiliza udongo mchana na usiku. Watu waliziita masikio. Udongo ukianza kusogea, masikio yalijua kabla ya mbwa, yakaziamsha nyumba za bondeni.

Sifaeli alinawa mikono, akajifuta kwa upindo wa sketi, ndipo akagusa kibodi. Namkunda aliipenda tabia hiyo. Mafundi wengine waliowahi kuja waliiingilia mashine kama wanaingia sokoni. Huyu aliikaribia kama mtu anayekwenda kukamua ng'ombe wa mwenzake, akiipigia mluzi wimbo wa kanisani, akiisemesha. "Haya, mama. Tuonyeshe tumbo."

Skrini ikaonyesha: tisini na moja kwa mia.

"Limebakiza tisa," Namkunda akasema. "Si haba."

"Kwa kiangazi si haba. Mvua ikianza, mlima unasema mengi. Udongo mkavu hunong'ona, uliolowa hupiga kelele, na kila kelele inataka pa kulala." Sifaeli akasukuma bakuli pembeni. "Ghala likifika mia, masikio hayatakuwa na pa kumwaga yanayoyasikia. Yatakuwa yapo, mazima, na hayasikii kitu."

Namkunda akazitazama namba za skrini. Mume wake, Elinihaki, ndiye aliyezika nyuzi zile. Udongo ulimchukua siku aliyokuwa anaunganisha sikio la mwisho.

"Tuzibane faili, zipungue ukubwa," akasema. "Si uliweka amri hiyo?"

"Niliiweka. Kamati ikaisogeza." Sifaeli akafungua ukurasa wenye amri za mlinzi. Mlinzi alikuwa programu ndogo tu, isiyo na kazi nyingine maishani ila kuchungulia Ghala kila baada ya dakika kumi na kulilinganisha na alama ilizopewa. Likifika alama hii, fanya hivi. Likifika alama ile, fanya vile. "Tazama. Mimi niliandika: likifika themanini, bana. Wao wakaandika: likifika tisini. Wakaona themanini ni uchoyo, nafasi bado ipo."

"Sasa tumefika tisini na moja. Mbona halikubana?"

"Limejaribu tangu alfajiri." Akaonyesha mistari myekundu, mmoja chini ya mwingine. "Mama Anaeli, ukitaka kupepeta maharage unahitaji nini?"

"Ungo."

"Mtupu au uliojaa?"

Namkunda akaelewa. Kubana faili kulihitaji mahali pa kuiweka ile nyembamba kabla ya kuitupa ile nene, na faili zilizobaki bila kubanwa zilikuwa kubwa kuliko nafasi iliyobaki. Nyungo zote zilikuwa zimejaa.

"Kwa hiyo kuna kitu lazima kitoke kwanza."

"Kuna kitu lazima kitoke kwanza," Sifaeli akasema taratibu, "na hapa ndipo penye neno. Amri ya mwisho, ya tisini na tano, kamati iliiandika yenyewe, mimi sikuwepo. Isome."

Namkunda akasoma. Likifika tisini na tano, toa ya chini kwanza.

Walikuwa wameandika kama watu wa ndiva. Kizibo cha ndiva kiko chini. Ukikivuta, maji yanayotangulia kutoka ni yale yaliyotangulia kuingia, na hakuna anayeyalilia, maana maji ni maji. Ila sakafuni mwa Ghala hapakuwa na maji. Palikuwa na mwaka wa kwanza, ambao masikio yalikuwa hayajawa na akili ya kujiandikia, na mtu mmoja alizunguka mteremko kutwa nzima na kinasa sauti kifuani, akitaja upana wa kila ufa.

"Elinihaki," Namkunda akasema.

"Na ndiye mzito kuliko wote. Wakati ule hatukujua kubana. Kalala humo kama maharage ndani ya maganda yake."

* * *

Kamati ilikutana hapo hapo mlangoni, wamekaa juu ya mawe na mipini ya majembe. Sifaeli akawaeleza yote bila kuficha na bila kumlaumu mtu, na Namkunda alimshangaa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na maneno ya kutosha kwa waliosogeza alama.

Mzee Kajiru akasimama. "Hili ni jambo la msaragambo. Kila mmoja atoe chake. Mimi natangulia: futeni hotuba zangu zote."

"Asante, Baba Mwenyekiti," Sifaeli akasema, "ila hazitasaidia. Zilishabanwa zamani, zikabaki kama kiganja."

"Hotuba za miaka yote hiyo? Kiganja?"

"Mashine ikikuta neno lilishasemwa hailiandiki tena, baba. Inaweka alama tu kwamba hapa karudia."

Bi Nampombe alicheka akakohoa, akapigwa mgongo, akaendelea kucheka. Mwenyekiti akaketi, akisema kwamba jambo zuri hurudiwa.

Wengine wakatoa walichonacho. Huyu kuku wake waliorekodiwa kwa mzaha, yule harusi ya ndoa iliyokwisha kuvunjika. Sifaeli alipokea kila kimoja kwa shukrani, akafuta, akasoma namba. Tisini na moja ilibaki tisini na moja. Vilikuwa vijiti vya kuwashia moto, na kilichotakiwa kilikuwa gogo. Ngurumo ya kwanza ikasikika, mbali bado.

Hakuna aliyemtaja Elinihaki. Namkunda aliona jinsi wanavyokwepa kumtazama, na heshima hiyo ilimchoma kuliko kama wangemtaja. Akainuka, akaingia ndani. Sifaeli akamfuata.

"Niambie ukweli, mdogo wangu. Unaweza kumweka pembeni?"

"Naweza. Ni neno moja tu kwenye amri: hili usiguse. Mlinzi ataruka jina lake na kwenda kwa linalofuata. Wewe ndiwe mshika funguo, una haki ya kuniagiza, na hapo nje hakuna atakayejua."

"Linalofuata ni lipi?"

Sifaeli akasoma skrini. "Mwaka wa pili. Watoto wa shule, ule mwaka wa surua."

Kupitia mlango Namkunda alimwona Bi Nampombe, jembe mapajani, bado anafuta machozi ya kicheko. Mjukuu wake alikuwa katika watoto wale. Aliimba shairi la herufi mbele ya darasa, na mvua za mwaka ule zilipokatika hakuwepo tena. Kila Jumapili baada ya ibada bibi huyo hupanda hapa, husema, "Nichezee kidogo tu," hukaa kwenye jiwe, husikiliza, huondoka. Namkunda ndiye humfungulia.

"Na tusipofanya lolote?"

"Mvua ikishuka tutafika tisini na tano kabla ya jioni. Mlinzi atafuta alichoagizwa. Hatauliza mtu. Hana ubaya, anatii tu." Sifaeli akaegemea rafu. "Kazi hii nimeifanya miaka, nimewaandikia amri hizi watu wengi. Mpaka leo sijaona haki ya kuipa mashine kisu na kwenda kulala. Kukuamsha, ikuamshe. Kubana, ibane. Kutupa cha mtu, hapana. Nikimaliza leo hiyo amri ya mwisho naing'oa. Ghala likifika tisini na tano litafunga mlango kwa vitu vya watu na kuuacha wazi kwa mlima, mpaka mtu aje na mkono wake. Lakini hilo ni la kesho. Leo mlango tayari umezibwa."

Namkunda alikaa. Aliomba asikie siku moja tu, yoyote. Sifaeli akachagua kwa kufumba macho.

Upepo kwanza. Kisha hatua kwenye majani, mtu anahema. "Ufa wa mgomba mkubwa, vidole vitatu. Jana vidole viwili na nusu. Ufa wa jiwe jeupe, uko vile vile." Ukimya mrefu, ndege. Kisha sauti ile ile, imeshuka: "Mama Anaeli, kama unasikiliza, ile chai usiiache ichemke sana. Nakuja."

Nje ngurumo ikajibu, safari hii karibu.

Alikuwa amezika nyuzi zile ili mlima usikike. Sasa yeye ndiye amelala mlangoni pa mlima huo. Namkunda aliliona jambo hilo wazi kama mtu anavyoona jiwe katikati ya mfereji, na halikupunguza uzito wake hata kidogo.

"Vile vipimo," akauliza, "vidole vitatu, viwili na nusu. Unaweza kuvitoa ndani ya sauti?"

"Vyote. Namba hazina uzito. Mlima utaendelea kulinganishwa na alivyoupima yeye."

"Vitoe. Na kuna siku moja aligombana na vijana waliorundika magunia kwenye mlango huu. Hiyo nibakizie. Ni fupi."

"Hiyo ya ugomvi? Si hii ya chai?"

"Ya chai ni yangu. Ninayo." Akajigusa kifuani, kisha akaona aibu, akashusha mkono. "Ya ugomvi ni ya wote. Baragumu litoe, uweke hiyo."

Sifaeli akavuta kibodi karibu. Kisha akafanya kazi, na Namkunda, pamoja na yote aliyokuwa nayo moyoni, hakuweza kuacha kuvitazama vile vidole vyake vifupi vikienda bila pupa, vikitoa namba kwenye pumzi za marehemu kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, bila kupoteza hata punje. Mluzi haukusikika. Alipomaliza, alisimama na kumwachia kiti.

"Kitufe ni hiki. Nipo nje. Hata ukikaa, sitakuita."

Akatoka kweli. Namkunda alimsikia akiwaambia wenzake wanyamaze, na kamati nzima, Mzee Kajiru akiwa mmoja wao, ikanyamaza.

Matone ya kwanza yalipiga mawe ya nje. Namkunda akasema, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani, "Haya, baba Anaeli, tupishe," akabonyeza.

Tisini na moja ikawa sabini na sita.

* * *

Palipopatikana ungo mtupu, Ghala lilijipepeta lenyewe. Sifaeli alisimamia kama mama anayemtazama mtoto akila baada ya homa: sabini na moja, sitini na tano, hamsini na nane. Kisha akaandika alama upya, Namkunda kando yake, na safari hii kila alama aliieleza mpaka Mzee Kajiru mwenyewe akaweza kuirudia.

"Sabini na tano, libane, nafasi ya kupepetea ikiwa bado ipo. Themanini, liite watu. Na sikilizeni vizuri hapa: likishaita, lisinyamaze kwa sababu mtu mmoja kafuta kuku wake, likashuka sabini na tisa. Litakuwa linalia na kunyamaza kama mtoto mwenye usingizi, mtalizoea, mtalipuuza. Likiita kwenye themanini, liite na kuita mpaka lishuke sabini."

"Litatuchosha," Mzee Kajiru akasema.

"Ndiyo kazi yake, baba."

Mvua ilishuka kwa nguvu alasiri ile. Masikio yalimimina, na Ghala likapokea, likapokea. Kabla giza halijaingia, ufa wa mgomba mkubwa ulifunguka kupita kipimo chochote alichowahi kukitaja Elinihaki, masikio yakalinganisha namba na namba, na nyumba za bondeni zikaamriwa kutoka. Wakatoka na mbuzi wao na masufuria yao, wakilalamika. Kulipokucha, udongo ulikuwa umelala juu ya banda la kukaushia tangawizi na vibanda viwili vya kupikia. Chini yake hapakuwa na mtu.

Sifaeli aliondoka barabara ilipokauka. Walimfungia tangawizi na maharage mpaka akashindwa kubeba, na Bi Nampombe akamwambia kwamba kama angekuwa na mtoto wa kiume aliyebaki bila mke, asingemwacha aondoke.

"Nina mume, bibi."

"Sikusema huna. Nimesema nisingekuacha."

Vuli ilipita. Ikaja Krismasi na harusi zake, watoto wa mjini wakarudi na picha zao, kwaya mbili zikashindana. Asubuhi moja Namkunda alikuwa katikati ya tuta, jembe mkononi, aliposikia kutoka juu mlimani, kwa nguvu ya kufika bonde zima, mtu akikohoa. Kisha:

"Jamani! Jamani! Mmejaza vitu mlangoni, mtapita wapi?"

Hakuna aliyepiga kigelegele. Majembe yakaanguka matuta yote, watu wakaanza kupanda, wengine wanacheka, wengine wanafuta macho kwa mgongo wa mkono. Bi Nampombe alipita mbio na kanga yake kiunoni.

"Nakuja, Elinihaki, nakuja! Usifoke! Mama Anaeli, hupandi na funguo?"

"Tangulieni, bibi. Nafuata."

"Jamani! Jamani!" mlima ukaita tena.

Namkunda alijua Ghala limefika themanini, na alijua halitanyamaza mpaka lifike sabini. Akainama, akalivuta jembe taratibu kwenye udongo laini, akaendelea na tuta lake mpaka mwisho, akiisikiliza sauti ile.